Kinu cha Saba

Ukisikia mvua inanyesha katika mchezo wa redio yetu, ujue ni Mama Kelvin anazungusha mchele kwenye ungo. Mvua ikiwa kubwa anaongeza kunde. Moto wake ni karatasi ya biskuti inayofinywa polepole, na mtu akivunjika mfupa ni bua kavu la mahindi analolivunjia gotini. Mimi ndiye fundi mitambo, na kwa miaka tisa nimekaa upande wa pili wa kioo nikimtazama mama mzima wa miaka hamsini na moja akitambaa sakafuni na vibuyu viwili mkononi, ati ng'ombe wanapita. Jina lake ni Imakulata. Asubuhi anauza mchele sokoni Kashaulili, hapa Mpanda mjini, mchana anakuja kwetu, na kati ya kazi hizo mbili sijui ipi inamlisha na ipi anailisha yeye.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa nyaya. Mtu akiniambia mtambo una mashetani, namwuliza kama ameangalia plagi. Habari hii naiandika kwa sababu plagi niliiangalia, na bado sijalala vizuri.

Mkono wa kulia wa Mama Kelvin uliwahi kuvunjika, alipoanguka na baiskeli yenye gunia la mpunga, ukaungwa vibaya. Kwa hiyo akitwanga, mchi haushuki wima. Unapiga mara mbili sawasawa, mara ya tatu unakwaruza ukingo wa kinu. Tu, tu, kwaru. Nilikuwa namtania kwamba hata akitwanga katikati ya wanawake mia, nitamtoa kwa masikio tu. Alikuwa akicheka. Siku hizi tumeuacha utani huo.

Kilichokuwa kinamtafuna ni mama yake. Bibi Yustina anaishi kijiji kimoja jirani na Kasansa, huko Mpimbwe, na mwaka huu amekonda, miguu imevimba, anatembea kwa kushika ukuta. Uzee ni uzee, hilo mtoto hulikubali hata kama hapendi. Lakini bibi huyu ni Mkatoliki wa kubatizwa utotoni, kila Jumapili yupo kanisani, na watu wakisimama kwenda kupokea Komunyo, yeye anabaki amekaa kwenye benchi. Amebaki hivyo kwa zaidi ya miaka hamsini. Mapadri wamekuja na kuondoka, kila mmoja kamwuliza, na kila mmoja kapewa jibu lile lile: bado si zamu yangu. Mtoto wake kamwuliza hata zaidi ya mapadri.

"Nikimzika hivi, Patrick, nitakuwa nimemzika nusu," aliniambia siku moja, ungo mkononi, mvua imekatika katikati.

Mwaka huu mwandishi wetu wa michezo, binti anayeitwa Aneth, alileta hadithi ya kijiji hicho hicho cha akina Mama Kelvin. Kule kila mtoto anaijua. Zamani, watu walipohamishiwa kijiji kipya, mashamba ya mpunga yaligawiwa upya na katibu wa kijiji akaandika daftarini majina ya wanaume tu. Wajane hawakuandikwa. Wanawake ambao waume zao walikwenda migodini wasirudi, nao hawakuandikwa. Basi wanawake saba wakajitwisha vinu vyao mpaka mlangoni kwa katibu, wakaanza kutwanga vinu vitupu.

Hapo lazima nieleze, maana mimi ni Mbende wa Mpanda mjini na ilibidi nielezwe. Wazee wa kijiji kile walikataza kutwanga kinu kitupu. Walisema ukitwanga chenye nafaka unawaita walio nyumbani waje kula, na ukitwanga kitupu unamwita asiyekuwepo. Katibu alicheka, akawawekea sharti. Vinu vyote saba vikilia mpaka jua lizame, bila hata kimoja kunyamaza, atafungua daftari. Kimoja kikinyamaza, warudi majumbani kwao. Wanawake wakatwanga mpaka jua likazama, katibu akaandika majina saba. Mmoja wao alikuwa Yustina, mwenye mtoto mchanga wa miezi minane. Yeye peke yake kati ya wale saba hakuwahi kuisimulia.

Aneth, kwa kuwa ni kijana, hakuridhika na zamani. Mchezo wake unaanza mwaka 2074. Wajukuu wa wale wanawake wamebuni mtambo uitwao Sikio. Wanasema mti hunywa sauti kama unavyokunywa maji, na Sikio linaichuruza tena. Wanakiweka kinu cha zamani juu ya mtambo, na maandamano yale yote yanasikika, vinu, kicheko cha katibu, hata pumzi za watu. Kuna sharti moja tu, ambalo Aneth kaliandika kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza: Sikio halina mdomo. Unaweza kuwasikia waliopita, huwezi kuwajibu. Nilimwambia ule ni utumbo, ila utumbo mtamu, nikatayarisha maikrofoni saba.

Mama Kelvin alikataa vinu vya kuigiza. Ndoo na gogo zisingemdanganya mtu wa Mpimbwe, alisema, na alikuwa na haki. Vinu sita aliazima kwa watu wa Kakese. Cha saba alikitoa kwao. Kilikuwa stoo kwa mama yake, kimefunikwa kifudifudi chini ya magunia, ukingo umepasuka kidogo. Alikichukua mchana mama yake alipolala, bila kuomba. Nilipomwuliza kwa nini hakuomba, alisema angekataliwa.

Tulirekodi Alhamisi, saa nane mchana. Studio yetu ni chumba kisicho na dirisha, kuta tumezipiga magodoro na trei za mayai. Wakaja wanawake saba wa kwaya. Mkubwa wao, Tereza, alipoona vinu vitupu alirudi nyuma hatua mbili.

"Mimi hapo sitwangi kitu. Nyie mnataka kuniletea mambo," alisema.

"Ni mchezo tu, dada," Mama Kelvin alimwambia.

"Mchezo kwako."

Wakasuluhishana hivi: kila mmoja aliweka punje moja ya mpunga ndani ya kinu chake, ili kisihesabike kitupu. Wakaweka sita. Wa saba, Libérate, alizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi kule Mishamo, akasema mwiko huo si wa kwao na yeye haumhusu. Alikuwa amesimama kwenye kinu cha Bibi Yustina, nacho kikabaki kitupu kabisa. Niliona, nikanyamaza. Punje moja ya mpunga ingebadilisha nini kwenye maikrofoni?

Mama Kelvin alisimama katikati kuwaongoza, kavaa hedifoni zangu kubwa nyeusi, zile zinazofunika sikio lote. Wakaanza. Nakiri ilikuwa sauti nzuri. Vinu saba ndani ya chumba kidogo unavisikia kifuani kabla ya masikioni.

Dakika ya kumi na moja mtoto wa Libérate, aliyekuwa koridoni na shangazi yake, akaanza kulia. Nilimwona mama yake anatazama mlango, mchi unalegea. Mama Kelvin akampungia aende, akaudaka mchi ule kabla pigo halijapotea, akashika kinu mwenyewe. Tu, tu, kwaru.

Pigo moja nililisikia. Kisha mezani kwangu taa ya kijani ya maikrofoni ya saba ikazimika.

Nikaangalia plagi. Ilikuwa imara. Nikabadilisha waya, sikupata kitu. Ninyi mnaosoma mtasema mtambo ulikufa, na mimi ningesema hivyo hivyo, kama nisingeinua macho. Kwa macho namwona mwanamke anatwanga kwa nguvu zake zote, kafumba macho, jasho linamtoka. Kwa masikio nasikia vinu sita. Chumba kile hakina ukubwa wa kuficha sauti. Nilifungua mlango wa kioo nikaingiza kichwa, nikasikia sita. Mchi wa saba ulikuwa unashuka, unapiga mti, na haukuwa na sauti.

Tereza na wenzake hawakujua lolote. Mtwangaji hutazama kinu chake.

Nikarudi mezani, na taa ikawaka tena. Haikuwa imeleta kinu. Ilileta upepo. Upepo wa nje kabisa, wa mahali penye nyasi, na mbali ndani ya upepo huo watu wanatwanga. Mwanaume akacheka. Kisha mtoto akalia karibu sana, kilio cha mtoto mwenye homa, na kikongwe akasema maneno kwa Kipimbwe, lugha ya kwao akina Mama Kelvin. Nilishika neno moja tu, Yustina.

Nilitoka mbio koridoni. Libérate alikuwa amekaa kwenye benchi, mtoto wake yuko kwenye titi, kimya, macho yanafumba. Niliporudi, mtoto wa kwenye mtambo alikuwa bado analia. Ikapita dakika nzima, kisha akanyamaza naye, kidogokidogo, kwa kwikwi, kama mtoto aliyepata titi. Nywele zilinisimama. Sioni aibu kulisema.

Libérate akarudi. Alipoupokea mchi, sauti ya kinu cha saba ikarudi chumbani palepale, na upepo ukakatika.

Tulipowaaga wanawake, Mama Kelvin alibaki amekaa sakafuni, hedifoni zingali masikioni. Kumbe na yeye alisikia yote.

"Jua lilikuwa linanichoma mgongoni," alisema.

Katika chumba kisicho na dirisha.

"Yule kikongwe alisema nini?" nikamwuliza.

"Alisema, Yustina, kimbia, mtoto anaungua." Akavua hedifoni polepole. "Ni sauti ya bibi yangu, Patrick. Tulimzika nikiwa darasa la tatu."

Kesho yake tulipanda basi la asubuhi kwenda Mpimbwe, kinu kikiwa juu ya keria. Nilimfuata kwa sababu rekodi ya sauti ile ilikuwa kwenye simu yangu, nikajidai ndiyo sababu pekee. Hedifoni nilizibeba begini kama fundi abebavyo bisibisi, bila kufikiri. Tulipopita kwenye hifadhi ya wanyama kondakta alitufungisha madirisha kwa ajili ya mbung'o, na wachache walioingia walinichagua mimi. Mama Kelvin naye aliumwa na mmoja shingoni, hata hakuinua mkono kumfukuza. Njia nzima alisema sentensi moja tu: "Nisiende kumuua mama yangu kwa maswali."

Bibi Yustina tulimkuta kitandani, mlango wazi, mwanga unafika mpaka miguuni kwake. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba mjukuu wangu, vizuri tu. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Kinu changu kilitoka."

"Nimekirudisha, mama."

"Kilitwangwa?"

"Ndiyo."

"Kitupu?"

Mama Kelvin hakuweza kusema uongo mbele ya macho yale. "Kitupu," akajibu, na bibi akageukia ukuta.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Nilitaka kwenda zangu nje. Lakini Mama Kelvin alipiga magoti kando ya kitanda, akashika mguu uliovimba, akasema kitu ambacho nadhani alikibeba tangu utoto wake.

"Mama, usiende hujaniambia. Ulifanya nini siku ile?"

Bibi hakugeuka. Alipoanza kusema, alizungumza na ukuta.

"Niliacha kinu. Watu wanasema tulitwanga saba mpaka jua likazama. Si kweli. Wewe ulikuwa na homa, mama alikuwa amekushika nyuma ya ghala. Akaniita, Yustina, kimbia, mtoto anaungua. Nikaweka mchi chini nikakimbia. Nilijua nawaponza wenzangu sita. Nilijua Katibu anahesabu. Nikakimbia tu."

Mama Kelvin alinitazama. Mimi nilitazama sakafu.

"Nimekaa nyuma ya ghala nakunyonyesha, nasubiri vinu vinyamaze. Havikunyamaza. Nikahesabu kwa masikio. Saba. Nikahesabu tena. Saba. Na kile changu naijua sauti yake, nilikuwa nakitwanga tangu niolewe, ila mkono haukuwa wangu." Akatoa mkono chini ya shuka, akagonga ubao wa kitanda kwa vidole. Mara mbili sawasawa, na mara ya tatu akauburuza ukucha.

Sijawahi kusikia kitu kidogo kama kile kikajaza nyumba.

"Nikachungulia," bibi aliendelea. "Kulikuwa na mwanamke kwenye kinu changu, kanipa mgongo. Sikumjua. Na kichwani alikuwa na masikio meusi, makubwa, ya duara, kama vifuniko vya vyungu. Mtu hana masikio yale. Nikajua tumemwita asiyekuwepo, na amekuja, na amesimama pahali pangu. Uliponyamaza nilikukabidhi kwa mama, nikarudi. Hakuwepo. Mchi umesimama ndani ya kinu, bado una joto la mikono. Nikawauliza wenzangu, nani alikuwa hapa? Wakaniambia, wewe ulikuwa hapa, Yustina, tulikusikia. Jioni Katibu akaandika jina langu. Shamba limewasomesha nyie. Sasa niambie, nitakwendaje kufungua mdomo mbele ya Bwana, wakati nimekula miaka yote kwa mkono wa kitu kile?"

Nikaelewa kwa nini watu hulia kimya. Kikongwe huyu alikaa kwenye benchi miaka hamsini na zaidi, Jumapili kwa Jumapili, kwa sababu alinyonyesha mtoto.

"Ulimwona uso?" Mama Kelvin aliuliza.

"Sikumwona. Niliomba asigeuke. Mpaka leo nikifumba macho naomba asigeuke."

Mama Kelvin alisimama. Akaninyooshea mkono, na mimi, mtu wa nyaya, nikafungua begi nikampa hedifoni. Akazivaa. Akatoka uani mbele ya mlango, pale kinu kiliposhushwa, akatupa mgongo.

"Tia mpunga," bibi alisema kwa sauti kali kutoka kitandani, kabla hata hajageuka kutazama. "Kitupu kimetosha."

Nikatia mpunga, vikombe viwili. Mama Kelvin akainua mchi. Tu, tu, kwaru. Tu, tu, kwaru.

Bibi Yustina aligeuka. Nilimwona anashika godoro kwa mikono miwili, na nilihofia moyo wake, nikajuta kuzaliwa fundi. Alitazama ule mgongo, yale masikio meusi, ule mkono uliopinda. Alitazama mpaka maganda ya mpunga yakaanza kuruka. Midomo ilikuwa inahesabu.

Kisha akasema, bila kupaza, "Geuka nikuone."

Mchi ukasimama. Mama Kelvin akageuka, machozi na pumba usoni, mwanamke wa sokoni wa miaka hamsini na moja, hedifoni zimemkaa kombo.

Mama yake alimwangalia muda mrefu sana.

"Ulikuwa unalia kwenye titi langu," alisema mwishowe, "na huku unanitwangia. Umenichosha pande mbili, mwanangu."

Mama Kelvin aliangua kilio pale pale uani, kilio kikubwa cha mtoto. Bibi alimwacha alie. Alijivuta akakaa ukingoni mwa kitanda, akatafuta kilemba chake chini ya mto, akakifunga polepole, akihakikisha kimekaa sawa.

"Mkimaliza huko nje," akaniambia mimi, "mwiteni katekista. Amwambie padri ni zamu yangu."

Nilisema nitakwenda mimi, kwa kuwa mimi ndiye kijana. Lakini Mama Kelvin alikuwa ameshavua hedifoni na kunitupia mikononi, na alikwenda mwenyewe, peku, anakimbia katikati ya mashamba ya mpunga, mkono uliopinda umeshika kitenge.